Tarehe Niliyoichagua Bila Dalmas

Jumatatu, 20 Machi 1989

Kosa wanalofanya watu wengi wanapoacha kazi ya fedha ni kuondoka vitabu vikiwa wazi. Mtu hugombana na mkubwa wake Jumanne, Jumatano anaandika barua, Ijumaa hayupo. Mwezi unaofuata kikikosekana kitu chochote, hata stempu za posta, jina lake ndilo la kwanza kutajwa, na yeye hayupo kujieleza. Mwalimu akiondoka katikati ya muhula, wanafunzi husikitika. Mhasibu akiondoka katikati ya mwaka, watu huanza kuhesabu.

Kwa hiyo nimengoja. Ijumaa mkaguzi wa hesabu alitia sahihi kwenye ukurasa wa mwisho, akafunga mkoba wake, akaomba chai. Vitabu vya mwaka jana vimefungwa na havina doa. Nimetunza fedha za Bwana Saleh, muuza nyavu na injini za mashua hapa Kisumu, kwa miaka ishirini na miwili. Mimi nina miaka hamsini na sita, macho yangu yanachoka saa nane mchana, na nataka kwenda nyumbani.

Watu huniuliza mambo kama haya, hivyo nitaandika hatua zote hadi siku ya mwisho. Anayetaka kujifunza atajifunza.

Mvua bado.

Alhamisi, 23 Machi

Nimechagua tarehe 30 Juni. Nieleze kwa nini.

Mkataba wangu unataka notisi ya miezi mitatu, na mwezi wa barua huhesabiwa mzima. Nikipeleka barua mwanzoni mwa Aprili, natimiza bila kudaiwa siku hata moja. Wakati wa mvua za masika wavuvi hununua nyavu kwa wingi na ofisi huwa na kazi nyingi. Kufikia Juni mwisho pilikapilika zimepungua, na anayeshika kalamu baada yangu atapata nafasi ya kupumua. Pia nusu ya mwaka ni mahali pazuri pa kupiga mstari.

Tena kuna jambo la nyumba. Tunayokaa ni ya kampuni, na siku ya mwisho ya kazi ndiyo siku ya mwisho ya nyumba. Huko kwetu, karibu na Luanda Kotieno, sina boma langu. Nina kijumba cha ujana wangu ndani ya boma la marehemu baba. Mtu wa umri wangu, mwenye mtoto aliyeoa, haishi tena humo. Anatoka na kufungua dala, yaani boma lake mwenyewe lenye lango lake. Mke wangu Benta amelingoja lango hilo miaka thelathini.

Kutoka kuna utaratibu. Mkubwa hutoka kwanza, mdogo hufuata. Mdogo akimpita mkubwa wake, wazee wetu husema ameleta chira, balaa linaloingia katika ukoo na kukaa humo. Wako wanaocheka mambo haya wakiwa mjini. Sijawaona wakiyacheka wakiwa wameshika shoka la kufungulia boma mbele ya kiwanja kitupu.

Kaka yangu mkubwa ni Dalmas, fundi wa mashua. Krismasi alisema kwamba mwaka huu atatoka. Basi mimi nitafuata. Mabati yangu nimeshanunua.

Jumapili, 26 Machi

Pasaka. Tone moja la mvua wakati wa mahubiri.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimepeleka barua.

Barua ya kuacha kazi iwe fupi. Yangu ilikuwa na mistari minne: naacha kazi, siku yangu ya mwisho ni hii, nitakabidhi kila kitu kwa utaratibu, nashukuru. Sikuandika sababu. Ukiandika sababu unafungua mjadala, na mjadala haufai kubaki kwenye faili.

Bwana Saleh aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Akaniuliza kama kuna aliyenikosea. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza kama ni mshahara. Nikamwambia hapana, ni umri. Akavua miwani.

"Bwana Walter, nilidhani mimi nitakufa kwanza, wewe ndiye utakayefunga duka."

"Basi ndiyo maana naondoka," nikamwambia. "Sikutaka tushindane."

Alicheka mpaka Zeituni, mpwa wake anayekaa dukani, akaja kuchungulia mlangoni. Kisha akaniuliza nani atakaa kwenye kiti changu, nikamjibu bila kusita: Milka. Amekuwa msaidizi wangu miaka saba na ana mitihani yake yote. Akasema atafikiri.

Ijumaa, 7 Aprili

Ramadhani imeanza. Ofisi ina utulivu na Bwana Saleh hafokei mtu kabla ya saa kumi. Mvua imeanza, kubwa, ya upande.

Jumatatu, 17 Aprili

Milka amepewa barua yake. Kuanzia tarehe mosi Julai yeye ndiye mhasibu mkuu. Alikuja mezani kwangu akiwa ameishika kwa mikono miwili. Akanieleza jambo ambalo sikulijua: kiwanda kimoja cha sukari kilikuwa kimempa kazi tangu Machi, na leo asubuhi amewaandikia kwamba hatakwenda.

Nilimwambia angengoja siku mbili tatu kabla ya kukataa. Akasema, "Mzee, ni wewe ulinipendekeza. Ningengoja nini?"

Nimefurahi sana. Hivi ndivyo mtu anavyoondoka vizuri.

Jumanne, 18 Aprili

Mvua. Maji yameingia stoo ya nyavu. Tumebeba marobota hadi saa kumi na moja.

Jumanne, 25 Aprili

Gordon, dereva wetu, hupeleka nyavu kwenye fuo kila Jumanne. Leo alikwenda Luanda Kotieno. Aliporudi alisimama mlangoni kwangu akicheka, akasema amenisalimia kaka yangu na kuwaambia watu wa pwani ile kwamba wajiandae, Mzee Walter anakuja kuwa jirani yao kuanzia Julai, awasahihishie hesabu za samaki.

Nikamuuliza Dalmas alisema nini.

"Aliweka nyundo chini, akaniuliza ni tarehe ngapi. Nikamwambia thelathini Juni. Akasema nikuambie asante kwa habari."

Gordon aliona ni mzaha mzuri. Mimi nilihisi kama mtu aliyefika kanisani akagundua amesahau kuvaa viatu. Nilikuwa nimemwambia Benta, Bwana Saleh, Milka na watu wote wa ofisi. Sikuwa nimemwandikia Dalmas hata mstari mmoja. Sikumficha. Nilichukua neno lake la Krismasi nikalipangia tarehe, kana kwamba pesa ya kuahidiwa nimeshaiandika imepokelewa. Karani angenifanyia hivyo ningemrudishia kitabu.

Jumapili, 30 Aprili

Nimekwenda nyumbani jana na nimerudi leo.

Nilimkuta Dalmas ufukweni, amelala chini ya mashua iliyopinduliwa, anapigilia ubao. Hakutoka. Niliona miguu yake tu. Nikamsalimia, akaitika, akaendelea kugonga. Nikaanza kueleza: mkaguzi, notisi ya miezi mitatu, msimu wa nyavu. Nilieleza vizuri sana, kama nilivyoeleza kwenye daftari hili.

Alipotoka alikuwa na misumari mdomoni. Akaitema mkononi mmoja mmoja.

"Ulimwambia tajiri wako," akasema. "Ukamwambia msichana wa ofisi. Ukamwambia dereva. Mimi nilikuwa namba ngapi, Walter?"

Nikasema nilidhani anatoka mwaka huu, kama alivyosema mwenyewe.

"Mwaka haujaisha. Boma langu nitalifungua nikiwa tayari. Kama umechoka kungoja, nipite."

Alijua siwezi. Na mimi nilijua anajua. Vijana wawili waliokuwa wakisuka kamba waliinamisha vichwa, maana hata wao walisikia uzito wa neno hilo. Mkubwa hamwambii mdogo wake ampite isipokuwa moyo umechafuka.

Njiani nilijisemea kwamba Dalmas ni yule yule wa siku zote. Mkaidi. Mvivu wa kuanza jambo. Baba alimpa kiwanja miaka kumi iliyopita na bado kina magugu.

Benta alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: kama nilikwenda kumuomba radhi, au nilikwenda kumweleza.

Jumatatu, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Mvua kutwa. Benta amepanga vyombo kwenye maboksi matatu.

Jumatatu, 8 Mei

Idd imepita. Bwana Saleh ameleta pilau ya sufuria nzima ofisini, na Gordon amekula kama mtu aliyefunga.

Nimeanza makabidhiano na Milka. Yaliyo vitabuni ni rahisi, atayasoma mwenyewe. Ninamfundisha yasiyo vitabuni. Kwamba mteja fulani wa Dunga hulipa baada ya mazishi yoyote, kwa sababu huogopa kufa na deni. Kwamba mwingine akija na sigara ya bei ghali, mwezi huo hatalipa. Kwamba hundi ya mtu mpole ikirudi usimwandikie barua, mwite umpe kiti.

Aliandika yote. Kisha akauliza, "Na haya ulijuaje, Mzee?" Nikamwambia kwa kuwauliza watu hali zao.



Alhamisi, 11 Mei

Mvua.

Ijumaa, 12 Mei

Mvua. Ofisi inachanga pesa za kuniaga. Kuna chama cha kuninunulia mbuzi na chama cha redio. Gordon ni mwenyekiti wa chama cha mbuzi.

Jumatatu, 22 Mei

Leo nitaandika kirefu.

Jumamosi nilikwenda tena kwa Dalmas, safari hii kuomba radhi na basi. Niliacha saa yangu mezani kwa bahati mbaya. Baada ya Ndori barabara ilikuwa tope tupu, tukashuka kusukuma basi mara mbili, nikafika kwake saa kumi jioni nikiwa na suruali ya udongo. Hapakuwa na basi la kurudi hadi Jumapili mchana.

Nikamwambia nimekosa. Nikasema nilipaswa kuja kwake kabla ya kushika kalamu. Akasema sawa, nishike upande ule wa ubao. Nikaushika. Tulifanya kazi mpaka giza lilipoanza, yeye akigonga, mimi nikishikilia, akinikemea kila nilipolegeza. Ilikuwa miaka arobaini tangu nimshikie ubao.

Nyumbani kwake alipika mwenyewe. Samaki mmoja, ugali. Akanipa sahani, yeye akala kwenye sufuria. Nikaangalia ukutani, nikaona kikombe kimoja kimening'inia kwenye msumari. Dorca, mke wake, alikufa miaka mitatu iliyopita. Nilikuwepo mazishini. Nilitoa ng'ombe na gari la kampuni, nikarudi Kisumu siku ile ile kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi.

Aliona ninakoangalia.

"Wewe ni msomi," akasema. "Boma hufunguliwa na nani?"

"Na mwanamume."

"Peke yake?"

Nikaanza kujibu kama mwanafunzi. Mwanamume anakwenda alfajiri na shoka na jogoo, mwanawe wa kwanza anakwenda naye, na mkewe... Nikakomea hapo. Mwanamume hafungui boma bila mke. Mke ndiye anayewasha moto wa kwanza na kulala humo usiku wa kwanza. Bila yeye unajenga banda.

Miaka mitatu nilimwona mkaidi. Nilimlaumu kwa magugu ya kiwanja ambacho hakuwa na jinsi ya kukiingia.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ungeniuliza ningekuambia. Ukija hapa unaangalia saa. Hata leo umeangalia mkono mara tano, na saa yenyewe hujavaa."

Nikacheka, naye akacheka, na ndipo akanieleza. Kuna mwanamke anaitwa Awuor, anauza omena, dagaa wa ziwani, pale kivukoni. Kwao ni ng'ambo, Mbita. Aliachana na mume wake zamani na mahari ikarudishwa, kwa hiyo hakuna anayemdai. Wameelewana na Dalmas tangu mwaka jana. Alipolitamka lile neno la Krismasi alikuwa akilifikiria hili. Lakini kwa kaka zake Awuor mtu haendi kujisemea mwenyewe kama anauza mbuzi wa wizi. Husemewa na ndugu yake. Na ndugu yake ni mmoja tu.

"Nilikuwa nangoja uje ukae siku mbili," akasema.

Nikamwambia tutakwenda.

Jumamosi, 3 Juni

Madaraka ilikuwa juzi. Nimemwomba Bwana Saleh ruhusa ya Jumamosi ijayo. Chama cha redio kimeshinda. Gordon anadai kura ziliibiwa.

Jumapili, 11 Juni

Tumetoka Mbita.

Tulivuka jana asubuhi na feri, Dalmas akiwa amevaa koti langu, mabega yakimbana. Ziwa lilikuwa tulivu, mvua ikanyesha upande mmoja tu, kule Rusinga. Kaka mkubwa wa Awuor anaitwa Ouma, mtu mnene, anayezungumza kana kwamba anaita watu walio ng'ambo ya mto. Alikuwa amepata habari zetu zote.

"Huyu ndiye mhasibu," akawaambia wenzake. "Hesabuni ng'ombe wenu kabla hajakaa. Watu hawa wakiinua kalamu, kumi wanakuwa saba."

Nikamwambia kazi naacha tarehe thelathini, kwa hiyo kuanzia Julai kumi watakuwa kumi. Wakapiga makofi. Mzee mmoja pembeni akauliza kama hawawezi kuahirisha mpaka Julai.

Tulijadiliana hadi alasiri. Sitaandika idadi, si mambo ya daftari hili. Nitasema tu kwamba nilizoea kubishana ili kupunguza, na jana nilibishana ili kaka yangu aheshimiwe, na hizo ni kazi mbili tofauti. Tulipokubaliana aliitwa Awuor mwenyewe. Akaulizwa kama anamjua mtu huyu. Akasema anamjua, ndiye aliyemtengenezea meza ya kuanikia omena na mpaka leo mguu mmoja ni mfupi.

Kisha akasema neno lililoniumiza. Ana shamba la njugu, hawezi kuziacha shambani. Atakuja zikishavunwa, Agosti.

Dalmas aliniangalia. Nikasema Agosti ni sawa.

Agosti atoke yeye, kisha kwa desturi lazima mwezi upite, ndipo nami nichukue shoka langu. Nyumba ya kampuni inaisha tarehe thelathini Juni. Sina pa kumpeleka Benta.

Jumatatu, 12 Juni

Nilikwenda kwa Bwana Saleh mapema kabla ya mtu yeyote kufika. Nilimweleza bila kupamba. Kwa kweli nilikuwa nimekwenda kumwomba anisogezee tarehe hadi Oktoba.

Hakuniacha nimalize. Akafungua mtoto wa meza, akaitoa barua yangu, akaiweka mbele yangu na kalamu.

"Badilisha mwenyewe. Andika Oktoba, andika Desemba, mimi nitafurahi. Milka atangoja, ni msichana mwenye adabu."

Nikashika kalamu. Kupitia kioo nilimwona Milka akifika, akikunja mwavuli, akiweka mkoba wake kwenye kiti cha wageni kwa kuwa meza yake imejaa vitabu vyangu. Angengoja, naam. Ningemwita nimuulize, angesema, "Hakuna shida, Mzee," na angetabasamu. Lakini kumuuliza mdogo wako jambo asiloweza kulikataa si kumuuliza. Amekataa kazi ya watu kwa sababu ya tarehe niliyoiandika mimi. Kiwanda kile kimeshaajiri mwingine.

Nikarudisha kalamu. Nikamwambia Bwana Saleh tarehe ibaki, kosa ni langu na nitalibeba mimi. Akasema basi nikae kwenye nyumba ya kampuni hadi Oktoba. Nikamshukuru nikakataa, maana nyumba ile ni sehemu ya kazi, na kazi ni ya Milka. Ana mama na wadogo zake wawili katika chumba kimoja kule Manyatta.

Akairudisha barua kwenye mtoto wa meza. "Una kichwa kigumu," akasema.

Nikamwambia ni cha ukoo.

Jumanne, 13 Juni

Nimemwambia Benta. Maboksi yalikuwa yamefika saba.

"Baba Ochieng," akasema, "nimehama nyumba nne kwa ajili ya kampuni. Sasa nihame ya tano kwa ajili ya Milka?"

Nikamwambia hapana, ni kwa ajili yangu, mimi ndiye niliyepeleka barua kabla ya kumuuliza Dalmas. Akasema hilo alilijua tangu Aprili, alikuwa anangoja niligundue. Kisha akaenda jikoni, na sikusikia sufuria hata moja kwa muda mrefu. Nilipomfuata alikuwa amekaa juu ya boksi.

"Miaka thelathini," akasema. "Nilishachagua hata mti wa langoni."

Hakulia. Afadhali angelia.

Jumamosi, 17 Juni

Benta ameondoka asubuhi bila kusema anakwenda wapi. Amerudi saa tisa na ufunguo. Chumba kimoja na jiko la nje huko Mamboleo, nyuma ya duka la saruji. Amemshusha bei mwenye nyumba mpaka yule bwana akamuuliza mume wake anafanya kazi gani. Amesema hivi: Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Novemba ikianza, atahamia kwa Milka.

Jumatano, 21 Juni

Mvua imepungua. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 29 Juni

Makabidhiano. Nieleze, maana wengi hukosea hapa pia.

Usikabidhi sefu mkiwa wawili tu. Tulikuwa wanne: mimi, Milka, Bwana Saleh, na Zeituni kama shahidi. Tulihesabu kwa sauti. Milka alihesabu, mimi nilinyamaza, kwa sababu anayepokea ndiye anayehesabu. Tukaandika, tukatia sahihi wote wanne, kila mmoja akachukua nakala. Halafu nikampa ufunguo na nikatoka chumbani ili aifunge sefu na kuifungua peke yake mara ya kwanza, bila mtu kumsimamia.

Alikaa humo dakika nyingi kuliko zinazohitajika.

Ijumaa, 30 Juni

Nimeondoka. Hotuba tatu, soda, redio. Gordon alileta mbuzi kwa pesa zake mwenyewe. Nilisema maneno machache, nikawasalimia wote kwa mkono, na saa kumi na moja nilikuwa nje ya lango. Usirudi kesho yake kuona wanaendeleaje. Hata usipite barabara ile kwa wiki mbili.

Jumapili, 2 Julai

Tumehamia Mamboleo. Malori yanapakia saruji kuanzia saa kumi na mbili alfajiri. Mabati yangu ya boma yameegemezwa ukutani, yanachukua nusu ya chumba. Tunapita kwa ubavu.

Jumapili, 9 Julai

Benta amepanda sukuma wiki kwenye debe. Kanisa la hapa lina kwaya nzuri.

Jumapili, 16 Julai

Leo mchana mtu aliulizia jina langu pale dukani. Alikuwa Dalmas.

Katika miaka ishirini na miwili ya Kisumu hakuwahi kufika nyumbani kwangu. Alisimama mlangoni na kapu la njugu mbichi kutoka kwa Awuor, akaangalia kitanda, kiti kimoja, maboksi, na mabati. Benta akampa kiti, akakataa, akasema kiti ni cha mwenye nyumba. Akakaa kitandani. Mimi na Benta tukakaa juu ya maboksi.

Akauliza kama mvua inaingia. Benta akasema inaingia pale juu ya dirisha. Dalmas akainuka, akapapasa dari kwa vidole kama anavyopapasa mashua, akasema kesho atalikarabati, hawezi kulala hapa akisikia tone. Ndipo tukajua kwamba amekuja kulala.

Baada ya chai alisema alilolijia. Njugu zinavunwa mapema, jua limewaka vizuri ng'ambo. Awuor anavuka tarehe kumi na tisa Agosti. Boma litafunguliwa Jumamosi inayofuata.

"Nimekuja kukuambia wewe kwanza," akasema. "Awuor mwenyewe bado hajui Jumamosi gani."

Kisha akamgeukia mke wangu. "Na wewe, shemeji, mwezi mmoja baada ya hapo mwambie huyu achukue shoka. Mti wa langoni ni upi?"

Benta alimwambia. Ni mara ya kwanza nasikia jina la mti huo. Sikuwa nimemuuliza.

Sasa Dalmas na Benta wanabishana kuhusu upande wa lango, na mimi nimekaa na daftari juu ya magoti. Niliahidi kueleza namna ya kuondoka vizuri, na yote niliyoyaeleza kuhusu ukaguzi, notisi, barua fupi na mashahidi wanne ni kweli, siyafuti. Lakini hayo yote yanaweza kufanywa na mtu ambaye hajainua kichwa kutoka mezani.

Wewe mwenye barua mfukoni, leo usiipeleke: nenda kwa yule mtu ambaye mpango wako unamtegemea na bado hajui, vua saa yako, umuulize hali yake.